Albamu ya kwanza ya Black Sabbath kwenye santuri: ipi ununue, ipi uiache

Inaanza na mvua. Mvua, radi ya mbali, kengele ya kanisa inayogongwa polepole, halafu gitaa la Tony Iommi linaanguka juu ya yote hayo kama mlango wa chuma. Naanza na mvua kwa sababu ndiyo iliyonitia hasara. Nakala yangu ya kwanza ya albamu hii niliipata kwenye gulio la santuri za mitumba hapa Birmingham. Muuzaji aliiweka kwenye mashine, akashusha sindano pale mwanzoni kabisa, tukasikiliza wote wawili tukitikisa vichwa. Nikasikia chakarachakara, nikajiambia hiyo ni mvua. Nikatoa pesa. Nilipofika nyumbani mvua ikaisha, chakarachakara ikabaki, ikaenda nami mpaka mwisho wa upande.

Tangu siku hiyo nimenunua nakala nyingine nne za albamu hiyo hiyo. Mke wangu anasema zote zinapiga kelele moja. Si kweli, na hapa chini nitaeleza kwa nini.

Albamu inaitwa Black Sabbath, jina la bendi yenyewe na jina la wimbo wake wa kwanza. Waliopiga ni vijana wanne wa Aston, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani mjini Birmingham: Ozzy Osbourne anaimba, Iommi gitaa, Geezer Butler besi, Bill Ward ngoma. Waliirekodi studio ya Regent Sound, London, Oktoba 1969, kwa siku moja tu, prodyuza akiwa Rodger Bain. Ikatoka Uingereza Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1970. Wakosoaji waliiponda, wanunuzi wakawapuuza wakosoaji: ilipanda hadi nafasi ya 8 Uingereza na ya 23 Marekani. Heavy metal yote unayoijua, ule muziki mzito wa magitaa, inarudi pale kwa njia moja au nyingine.

Mambo mawili ya kiufundi yanahusu mfuko wako moja kwa moja. La kwanza, albamu ni fupi. Haifiki dakika 40, na upande wa kwanza ni kama dakika 20 hivi. Sahani moja inaitosha kabisa: mifuo, ile njia ya sindano, inapata nafasi ya kupanuka na besi ya Geezer inapumua. Ukiona mtu anakuuzia sahani mbili, jua ya pili ina kitu kingine. La pili, hii ni rekodi ya watu wanaopiga pamoja chumbani, bila kurudiarudia. Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17, akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akafunga nyuzi nyepesi asiumie. Mlio wake mnene unatoka huko. Ukichukua nakala iliyosafishwa kwa kompyuta mpaka inang'aa, unamvua vile vifuniko.

Halafu kuna suala la Uingereza na Marekani, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Upande wa pili wa toleo la Uingereza unaanza na "Evil Woman", wimbo wa bendi ya Kimarekani iitwayo Crow, ambao Sabbath waliurudia bila hamu kubwa ili wapate single, yaani sahani ndogo ya wimbo mmoja kila upande. Kampuni ya Warner Bros. ilipoitoa albamu Marekani katikati ya 1970 waliuondoa wimbo huo, wakaweka "Wicked World", ambao ni wa Sabbath wenyewe na Waingereza waliupata nyuma ya single tu. Isitoshe, lebo ya Marekani, ile karatasi ya duara katikati ya sahani, imejaa majina ambayo hayapo kwenye ile ya Uingereza. Utangulizi wa besi kabla ya "N.I.B." umepewa jina lake, "Bassically", na vipande vingine vivyo hivyo. Usidhani umepata nyimbo za ziada. Ni muziki ule ule uliokatwakatwa kwa majina.

Sasa orodha. Nimeipanga kwa mtu anayetaka kusikiliza. Anayetaka kutundika ukutani namba zake zitakuwa nyingine.

1. Nakala ya Marekani ya miaka ya 1970, Warner Bros., namba WS 1871

Najua nitatukanwa. Nakaa mji ambao bendi ilizaliwa, halafu naweka Mmarekani juu. Lakini angalia hesabu. Albamu iliuzwa sana kule, kwa hiyo nakala ni nyingi na bei bado ya kibinadamu. Mimi niliipata yangu kwa pauni 28, jalada limechakaa pembeni, sahani safi. Za mwanzo zina lebo ya kijani. Zilizofuata, kuanzia kama 1973, zina picha ya barabara yenye minazi pande mbili, ambayo mtu wa Tanga kama mimi hawezi kuichukia. Kijani ikipatikana kwa hali nzuri, chukua. Isipopatikana, minazi inatosha.

Na unapata "Wicked World" mahali pa "Evil Woman". Kwangu huo si mjadala. Iommi aliingia studio na gitaa la Stratocaster, pickup yake, kile kinasa sauti cha gitaa, ikafa baada ya wimbo huo, akachukua gitaa la Gibson SG aliyokuwa nayo kama akiba, akamalizia nayo albamu nzima. Ukiweka nyimbo hizo kwenye sahani moja unasikia mtu akibadilisha silaha katikati ya vita.

Kasoro: Wamarekani wa enzi hizo walipiga muziki huu kwenye sherehe, santuri zikipitishwa mkono kwa mkono. Mikwaruzo ni mingi. Kagua.

2. Toleo jipya la BMG/Sanctuary, sahani moja ya gramu 180

Hili ndilo la mtu asiye na muda wa kuchimba masanduku. Lilianza kutoka 2015 na bado linapatikana kwenye maduka ya kawaida. Hapa kwetu ni kati ya pauni 20 na 30, na usikubali zaidi. Nyimbo ni za Uingereza, sahani inafika imefungwa, kimya, haina historia ya mtu. Sauti iko wazi, juu kidogo kuliko ninavyopenda, ngoma za Ward zina makali ambayo sahani za zamani hazina. Gramu 180 zenyewe hazileti sauti bora, usidanganyike na kibandiko. Zinaleta sahani nzito, basi.

Kama una mashine mpya na huna uhakika kama utaendelea na mchezo huu wa santuri, ruka namba moja, anza hapa.

3. Nakala ya Uingereza ya WWA, 1973, namba WWA 006

Bendi ilipohama Vertigo, kampuni iliyoitoa albamu mara ya kwanza Uingereza, albamu za zamani zilirudishwa sokoni na kampuni ya WWA. Wakusanyaji hawaitaki sana kwa sababu si ya kwanza, na hiyo ndiyo faida yako: sahani ya Uingereza, ya miaka mitatu tu baada ya albamu kutoka, kwa sehemu ndogo ya bei ya Vertigo. Ningeiweka ya kwanza kama ingekuwa rahisi kupatikana. Mimi nilitafuta miezi minane. Baadaye katika muongo huo huo ikaja kampuni ya NEMS, nayo si mbaya, ila katika nilizosikia besi imepungua kidogo.

4. Sahani mbili za kampuni ya Rhino, 2016

Sahani ya pili ni majaribio ya studio: nyimbo zile zile zikiwa bado hazijaiva, maneno tofauti, Ozzy akitafuta njia. Kwa anayeijua albamu kwa moyo ni raha. Kwa anayeinunua mara ya kwanza ni kulipia chai ya pili kabla hujanywa ya kwanza.

5. Vertigo ya kwanza, 1970, namba VO 6

Ndiyo, ya tano. Tuizungumze kwa heshima lakini.

Vertigo maana yake kizunguzungu, na lebo yenyewe ni hicho kizunguzungu: miduara myeusi na myeupe inayojipinda kuelekea katikati. Upande mmoja wa sahani hauna jina la wimbo hata moja, ni mchoro mtupu. Majina yote yako upande wa pili. Ukiizungusha, macho yanavutwa kwenye tundu. Nimeona mzee mmoja dukani akiitazama ikizunguka bila hata kushusha sindano. Jalada linafunguka kama kitabu, ndani kuna msalaba uliogeuzwa chini juu wenye shairi ndani yake. Bendi wenyewe walisema hawakuulizwa. Picha ya nje, yule mwanamke mwenye joho jeusi mbele ya kinu cha maji, ilipigwa na Keith Macmillan pale Mapledurham, kando ya mto Thames, na kinu kipo mpaka leo. Hata mfuko wa karatasi wa ndani una mchoro wa kizunguzungu, na kuna watu wanauuza huo mfuko peke yake.

Lakini bei ni mamia ya pauni, na iliyo safi kweli inapita elfu. Ozzy alipofariki Julai 22, 2025, siku 17 tu baada ya kuaga jukwaani Villa Park, hatua chache kutoka alikokulia, wauzaji niliokuwa nawafuatilia walibandua vibandiko vya bei wiki hiyo hiyo. Kwa pesa hizo mara nyingi utapata sahani iliyochoka, kwa sababu walioinunua 1970 walikuwa vijana wenye mashine mbovu na sindano nzito kama msumari. Na mchoro wa kizunguzungu umeigwa, kwa hiyo peke yake si ushahidi. Tafuta VO 6 kwenye jalada na kwenye lebo. Viwili hivyo visipoelewana, rudisha, shukuru, ondoka.

Za rangi rangi zisizo na jina la kampuni inayoeleweka, zinazouzwa nafuu mtandaoni, sikuzipa namba. Moja niliyosikia nyumbani kwa rafiki ilikuwa ya zambarau, nzuri kama kanga mpya, na sauti yake ilikuwa ya simu iliyowekwa ndani ya sufuria.

Sasa namna ya kukagua, maana hapa ndipo nilipolipia ada. Usikubali kamwe kusikilizishwa mwanzo wa upande wa kwanza. Ile mvua inaficha dhambi zote. Muombe muuzaji ashushe sindano sehemu mbili. Ya kwanza ni besi ya Geezer kabla ya "N.I.B.", akiwa peke yake, hakuna gitaa wala ngoma, kila vumbi litajisema. Ya pili ni mwanzo wa "Sleeping Village", wimbo wa pili upande wa pili, palipo na kile kichuma kinachoshikwa mdomoni na kupigwa kwa kidole, na gitaa la taratibu. Sehemu hizo mbili zikiwa safi, kwingine utakuta kelele za bendi zinafunika kilichobaki.

Mashine isipokuwepo, inamisha sahani chini ya taa, si juani. Mistari myembamba kama unywele isiyohisika kwa ukucha mara nyingi haisikiki. Unaohisika kwa ukucha utausikia, tena kwa mpigo, kila mzunguko, toko, toko, toko. Halafu iinue usawa wa jicho utazame kama imepinda. Ukinunua mtandaoni, herufi VG+, yaani hali "nzuri sana na zaidi", zinategemea nani kaziandika. Omba picha iliyopigwa chini ya taa, na uliza kama imesikilizwa au imetazamwa tu. Anayechelewa kujibu swali hilo amekwisha kulijibu.

Kwa walioko nyumbani, Mombasa, Dar, popote penye jua: usafirishaji wa sahani moja kutoka Ulaya unaweza kupita bei ya sahani yenyewe, kwa hiyo kusanyeni oda, na ulizeni ushuru kabla ya kulipa. Bora zaidi ni kumtumia mtu anayesafiri. Sahani itolewe kwenye jalada iwekwe nyuma yake ndani ya plastiki, maana ikibaki ndani hupasua jalada kwenye mshono, kisha ikae mzigo wa mkononi, imesimama. Na ikifika isiachwe kwenye gari. Moja yangu niliisahau kwenye buti la gari la kaka yangu Tanga, kuanzia swala ya adhuhuri mpaka alasiri tu, ikatoka na umbo la chapati iliyoinuka pembeni. Nyingine shangazi aliibeba mapajani kutoka Birmingham mpaka Dar, ameizungushia kitenge, akikataa kuiweka juu hata alipoombwa na mhudumu wa ndege. Alifika akaniuliza humo ndani kuna nini. Nikamwambia mvua.