Umeme wa akiba kwa boila ya kupasha nyumba joto: kipi ununue, kipi uache

Boila ya gesi huchoma gesi, lakini bila umeme haiwaki. Feni ya kutoa moshi, pampu ya kuzungusha maji, cheche ya kuwashia na bodi inayosimamia kazi yote vinategemea umeme. Ukikatika usiku wa baridi kali, gesi inabaki kwenye bomba na nyumba inapoa. Umeme ukichelewa sana kurudi, maji ndani ya mabomba huweza kuganda na kuyapasua.

Umeme wenyewe unaohitajika ni kidogo. Boila nyingi za gesi za nyumbani hula kati ya wati 80 na 150 zikiwa kazini, kiasi cha balbu mbili za zamani. Kwa hiyo usihangaishwe na namba kubwa ya wati iliyoandikwa mbele ya boksi la kifaa cha umeme wa akiba. Kifaa cha wati 500 kinatosha nyumba nyingi, hata ukihesabu pampu ya zamani ambayo ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya matumizi yake ya kawaida. Wauzaji hushindana kwa wati. Wewe uliza kitaiendesha boila kwa muda wa saa ngapi.

Hesabu yake ni rahisi. Betri ya voti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200 hivi, yaani voti mara ampea-saa. Ikiwa ni ya risasi na asidi, usiitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu. Toa na kile kinachopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa soketi, utabaki na wati-saa kama 500: boila ya wati 100 itaenda saa tano. Ya lithiamu yenye ukubwa huohuo unaweza kuitumia hadi asilimia 80 au 90, nayo itafika saa nane au tisa. Boila haiwaki mfululizo, hivyo mara nyingi utapata zaidi ya hapo, lakini usinunue kwa kutegemea bahati hiyo. Pima matumizi halisi kwa kipimo cha kuchomeka kwenye soketi, na usisahau pampu za kupasha sakafu joto, vali za vyumba, wala ruta kama kidhibiti chako cha joto hutegemea intaneti.

Kabla ya kufika kwenye orodha ya vifaa, kuna masharti mawili. La kwanza ni wimbi la umeme. Umeme wa gridi hupanda na kushuka kwa wimbi laini, lakini inveta za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi-ngazi. Pampu hunguruma na kupata moto, na bodi ya boila huweza kugoma. Kama boksi halina maneno "pure sine wave", yaani wimbi laini, lirudishe rafuni.

La pili ndilo linalowasumbua watu wengi, na wauzaji wachache hulitaja. Boila hujua kwamba gesi imewaka kwa kupitisha mkondo mdogo mno, wa maikroampea chache, kwenye mwali wenyewe hadi kwenye ethi, waya unaoungwa na ardhi. Boila nyingi huweza kuupima mkondo huo pale tu nyutro, waya wa kurudishia umeme, inapokuwa imeungwa na ethi, kama ilivyo kwa umeme wa gridi. Kwenye inveta nyingi zinazotumia betri, waya zote mbili zinaelea, hazina uhusiano na ethi. Matokeo yake boila inawasha, haioni moto, inazima, inajaribu tena, halafu inajifunga na kuonyesha kosa. Mwenye nyumba anairudisha inveta dukani akidhani ni mbovu. Dawa ni fundi umeme mwenye leseni aunge nyutro na ethi upande wa inveta kwa namna ambayo muungano huo hauleti hatari umeme wa gridi ukirudi. Kazi hiyo usijaribu mwenyewe. Muulize muuzaji swali hili kabla ya kulipa. Asiyelielewa, nenda kwa mwingine.

Sasa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza naipa inveta yenye chaja, iliyounganishwa na betri ya nje. Hubadilisha chanzo yenyewe kwa milisekunde chache, boila haishtuki, na saa unazipanga mwenyewe kwa ukubwa wa betri. Angalia nguvu ya chaja: betri ya ampea-saa 100 inahitaji chaja ya ampea 10 hivi, la sivyo umeme ukikatika mara mbili kwa siku, mara ya pili itakukuta na betri nusu. Kama kwenu umeme hukatika mara chache kwa mwaka, betri ya risasi iliyozibwa inatosha na inagharimu kidogo. Ukikatika kila wiki, lithiamu ya fosfeti ya chuma hujilipa, kwa kuwa hustahimili maelfu ya mizunguko ya kuchajiwa na kutumiwa, wakati ya risasi huchoka baada ya mamia kadhaa. Ila lithiamu isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0, kwa hiyo usiiweke kwenye banda la nje. Betri ya kuwashia gari achana nayo kabisa. Haikutengenezwa kutolewa chaji polepole kwa saa nyingi.

Ya pili ni betri kubwa ya kubebeka yenye soketi zake. Inamfaa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa nyaya za nyumba, mradi boila yenyewe ina plagi. Ya wati-saa 1000 ni mwanzo mzuri. Kasoro yake ni kwamba inveta ya ndani nayo hula, mara nyingi wati 10 hadi 20 bila kufanya lolote, na baadhi hujizima zenyewe zikiona mzigo ni mdogo, yaani boila ikipumzika tu, umeme unakatwa. Hakikisha mpangilio huo unaweza kuzimwa. Tatizo la nyutro liko hapa pia.

Jenereta naiweka ya tatu, ingawa kwa umeme unaokatika siku nzima au zaidi hakuna kinachoishinda. Haiwaki yenyewe usiku ukiwa umelala, ina kelele, na petroli iliyokaa miezi huharibika. Naiona vizuri zaidi ikiwa mwenza wa chaguo la kwanza: unaiwasha saa chache kuchaji betri, unaizima. Chagua yenye inveta ndani. Iwe nje, mita 6 au zaidi kutoka milango na madirisha, kamwe si gereji hata mlango ukiwa wazi, maana monoksidi ya kaboni haina harufu na huua. Na usiichomeke kwenye soketi ya ukutani kurudisha umeme ndani; unaweza kumuua fundi aliyeko kwenye nguzo.

UPS ya kompyuta, kile kisanduku cha betri kinachoizuia isizimike ghafla, ni ya mwisho. Betri yake ndogo ya ampea-saa 7 au 9 itaiendesha boila kama nusu saa hivi, na nyingi za bei ya chini hutoa lile wimbi la ngazi-ngazi.

Wenye paneli za sola wasijidanganye: mfumo uliounganishwa na gridi bila betri hujizima gridi ikizima. Boila ya umeme mtupu, inayokula kilowati 6 na kuendelea, haimo kwenye mjadala huu. Boila ya kuni au makaa ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu moto wake hauzimiki pampu ikisimama. Maji yanaendelea kuchemka. Kwa hiyo, chaguo la kwanza pekee ndilo nalikubali, na vali ya usalama ikaguliwe.

Ukishafunga mfumo, zima swichi inayoleta umeme wa gridi kwa boila kwenye kabati la umeme siku ambayo baridi si kali, uiache iende kwa betri hadi ikate, ukiandika saa. Rudia jaribio kila mwaka kabla ya msimu wa baridi. Muda ukipungua sana, betri imechoka.