Kamera ya kununua ukiwa Zanzibar: ninavyozipanga, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Lenzi yangu ya kwanza haikuanguka wala haikuibiwa. Ilikufa kabatini. Niliinunua ya mkononi kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, ikavuka bahari ndani ya mkoba wa binamu yangu, nami nikaenda kuipokea Malindi bandarini kama ninapokea mgeni. Masika moja tu ilipopita, nikaona nyuzi nyeupe ndani ya kioo kama utando wa buibui. Kuvu. Fundi alinambia huenda chembe zake zilikuwamo tangu nilipoinunua, mimi nikaziongezea zinachokipenda: giza, joto na unyevu.

Tangu siku hiyo sipangi kamera kwa megapikseli. Naangalia mambo mawili: itaona nini penye giza, na itaishi vipi katika hewa yetu ya chumvi. Mimi si mpiga picha wa kazi, ni mwalimu wa skuli. Napiga mwisho wa wiki na kwenye harusi za ukoo, malipo yangu sahani ya biriani.

1. DSLR ya mkononi na lenzi moja yenye kitundu kikubwa

DSLR ni kamera yenye kioo ndani na lenzi inayobadilishwa; kitundu ni tundu la lenzi linaloingiza mwanga. Canon 600D ya 2011, 700D ya 2013, Nikon D3200 ya 2012 au D5300 ya 2013: yoyote kati ya hizi, ikiwa nzima, inamtosha mwanagenzi. Watakaokucheka kwamba ni za zamani, waache wacheke. Pesa utakayobakiza ndiyo itakayonunua lenzi ya pili, na hiyo lenzi ndiyo kamera yenyewe.

Nilijua hivyo ukumbini, kwenye harusi ya mtoto wa shangazi. Nilikuwa na ile lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera (namba hizo ni milimita: ndogo huona kwa upana, kubwa huvuta karibu). Taa za kumbi zetu unazijua, rangi nyingi, mwanga haba. Nilipoivuta hadi 55, kitundu kikagoma kwenye f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, kitundu ni kikubwa). Wiki iliyofuata shangazi akazipitia picha moja moja, akanitazama. "Mwanangu, bi harusi kajaa ukungu hivi, kwani tulikuwa hamamuni?" Sikuwa na jibu. Lenzi ya 50 yenye f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya ule wa f/5.6. Ile ya Canon yenye herufi STM, iliyotoka 2015, ina gramu 160 tu, na ni katika lenzi za bei rahisi kabisa za kampuni hiyo.

Ila 50 ina kasoro yake huku kwetu. Kwenye kamera hizi zenye sensa ndogo (sensa ndiyo inayopokea picha ndani), inaona kwa wembamba kama lenzi ya 80 kwenye kamera ya sensa kubwa. Simama Mji Mkongwe mbele ya mlango wa njumu, ukuta wa jirani unakugusa mgongo, utapata njumu tatu na kofuli. Kwa vichochoro rudi kwenye 18-55 yako, weka 18, tena ni mchana, mwanga upo. Mwenye Nikon nampa ushauri wa 35 f/1.8 ya DX badala ya 50. Inakaa katikati, inafaa ukumbini na barazani.

Mtego wa Nikon uujue kabla hujatoa pesa: D3200 na D5300 hazina mota ya kufokasi, yaani ya kuipa picha ukali, ndani ya bodi, kamera yenyewe bila lenzi. Lenzi lazima iwe na herufi AF-S. Ukiuziwa ya zamani yenye AF-D kwa sababu ni rahisi, itaingia vizuri, picha itapiga, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono mpaka harusi iishe. Canon haina tabu hiyo, lenzi zake za EF tangu 1987 zinafokasi zenyewe kwenye bodi hizo.

Ukienda kukagua, nenda na tochi. Fungua kitundu mpaka mwisho, mulika lenzi kutoka nyuma, tazama kwa mbele, kisha geuza. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi, au doa lenye matawi, rudisha na uage kwa adabu. Kwa Nikon, piga picha moja uitie kwenye kompyuta. Faili lake hubeba hesabu ya shata, yaani kamera imeshapiga mara ngapi. Canon haiandiki hesabu hiyo kwenye picha, kwa hiyo ukiambiwa "imepiga elfu tano tu", hayo ni maneno ya dalali.

2. Simu uliyonayo

Naiweka juu ya kamera nyingi za dukani, na sioni haya. Mchana, pwani, sokoni Darajani, watu hawaikimbii kama wanavyokimbia lenzi kubwa. Haibadilishwi lenzi, kwa hiyo mchanga hauna pa kuingilia. Inachoshindwa ni kuvuta mbali, na watoto wanaoruka majini Forodhani jua likishazama. Futa kioo chake kabla ya kupiga. Nusu ya picha zenye ukungu nilizoletewa na wanafunzi zilikuwa na mafuta ya chipsi.

3. Kamera isiyo na kioo, ya mkononi

Hii haina kile kioo cha ndani cha DSLR, lakini lenzi yake inabadilishwa. Sony a6000 ya 2014 ndiyo ninayoiona sana mikononi mwa vijana. Nyepesi, ina kasi ya picha 11 kwa sekunde. Kwa nini basi ya tatu? Betri yake ni ya picha 300 na kitu, wakati 700D inafika 440, na siku umeme umekatika hapana pa kuchajia. La pili, ukitoa lenzi, sensa imebaki wazi mbele ya upepo wa kusi wenye mchanga. Canon za jamii ya M utazikuta kwa bei nzuri, lakini Canon iliachana nazo 2023, usitarajie lenzi mpya.

4. Kamera ya lenzi isiyotoka, yenye kuvuta sana

Ina mahali pamoja tu inapofaa, Pemba. Kule Kidike popo wa Pemba wananing'inia juu kabisa mitini, na 18-55 itakupa madoa meusi. Sensa yake lakini ni ndogo mno, ikifika magharibi imekwisha. Mwenye DSLR ya Canon atafute lenzi ya 55-250 badala yake.

5. Furushi

Boksi moja lenye kamera, lenzi mbili, stendi, vichujio, mkoba na kitambaa. Nilinunua stendi ya namna hiyo, mguu mmoja ukakatika siku ya pili. Sina zaidi la kusema.

Pesa itakayobaki nunua boksi la plastiki lenye mpira mfunikoni, linalofunga hewa. Langu lilikuwa la visheti vya Idi. Tia vipakiti vya kukaushia, vile vya kwenye maboksi ya viatu, ila vikishashiba unyevu havifanyi kitu. Nunua vyenye punje zinazobadilika rangi, ukavikaushe kwa moto mdogo. Mchele usitie, unaacha unga. Mkoba wa ngozi kabatini ni nyumba ya kuvu. Na ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi, iache kamera mkobani nusu saa, la sivyo kioo kitatoka jasho.

Jambiani nilikwenda siku za bamvua, maji yametoka mbali, kina mama wapo kwenye mashamba ya mwani. Niliomba ruhusa, wengine walikubali, mmoja akakataa, nikashusha kamera. Nilikuwa na lenzi moja tu, nimejiapiza kutobadilisha mpaka nifike nyumbani. Jioni niliipangusa kamera kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo, kisha kikavu, kwa sababu chumvi ikikauka huganda kwenye vifungo.

Ile lenzi yenye kuvu bado ninayo. Inakaa peke yake juu ya kabati, nje ya boksi, isije ikawaambukiza wenzake.