Kuipima Oxford Learner's Dictionaries kwa neno moja: fine

Ukitaka kujua kama kamusi ya Kiingereza inakufaa, ipime kwa neno dogo. Fine linatosha. Darasani linafundishwa kama jibu la salamu, I'm fine, kisha linaachwa hapo. Likija baadaye pamoja na unga, mtu anaandika "unga mzuri" wakati kinachosemwa ni unga laini.

Kamusi hii ya bure mtandaoni inalimudu. Kwanza hakikisha umefungua kivumishi, kwa sababu fine ya nomino ndiyo ile faini ya trafiki, na ina ukurasa wake. Spika ya bluu hutoa matamshi ya Uingereza, nyekundu ya Marekani. Alama ya A1, yaani kiwango cha wanaoanza, isikudanganye: inahusu matumizi ya kawaida kabisa, na ukishuka chini mambo yanakuwa mazito.

Utamu uko kwenye mifano. Fine sand ni mchanga wa chembe ndogo, kinyume chake coarse. Fine hair ni nywele nyembamba, hata kama si nzuri. Fine net je? Ukiandika "wavu mwembamba" mvuvi atakushangaa, maana kilicho kidogo hapo ni macho ya wavu, si wavu wenyewe. Nomino ndiyo inayoamua, kwa hiyo soma mfano kabla ya maana.

Mahali pa neno nako kuna uzito. A fine teacher ni mwalimu hodari. The teacher is fine: mwalimu ni mzima, hana neno. Na mgeni akiulizwa kama aongezwe chai akajibu I'm fine, ameshatosheka. Weka birika chini.

Kosa letu la Afrika Mashariki ni I am very fine. Utaeleweka, lakini kwenye habari za afya Waingereza husema absolutely fine au just fine. Very fine wanaiweka kwenye uzi, unga na divai.

Usiruke sehemu ya asili ya neno. Fine hii imetoka Kifaransa cha kale, fin, na nyuma yake Kilatini finire, kumaliza: kitu kilichokamilishwa vizuri. Faini nayo inarudi kwenye finis, mwisho, yaani malipo ya kumaliza shauri. Ndugu wawili waliopotezana.

Kasoro? Matangazo, na maana ya chembe ndogo imekaa mbali chini, kero kwenye simu. Pitia vichwa vidogo vya kila maana kwanza. Kiswahili hakuna, hivyo weka pembeni kamusi ya TUKI ya Kiingereza-Kiswahili ikupe laini, -embamba au bora, kisha uchague kwa mifano uliyosoma. Kwa shule isiyo na intaneti kuna toleo la 10 la kitabu, Oxford Advanced Learner's Dictionary la 2020, zito la kutosha kubaki mezani.