Kalamu ya springi au sindano ya mkono?

Tuseme unabuni kifaa cha mgonjwa wa moyo wa Kadutu, hapa Bukavu, ajidunge mwenyewe nyumbani dawa ya kushusha kolesteroli kama evolocumab: miligramu 140 katika mililita 1, kila wiki mbili.

Kalamu ya springi, yaani kifaa chenye umbo la kalamu ambacho springi ya ndani ndiyo inayosukuma dawa, inaficha sindano. Mama mwenye vidole vilivyokakamaa anaikandamiza pajani, anabonyeza, inalia "tak", anahesabu polepole hadi 15, kidirisha kinageuka njano. Basi. Kazi ngumu imebaki kwa mbunifu. Dawa hizi ni nzito, hazitiririki kirahisi kama maji, na ukipunguza kipenyo cha sindano kwa nusu ili isiume, ukinzani unapanda mara 16. Springi kali itasukuma, lakini inaweza kupasua bomba la kioo. Tena mama akishtuka na mlio ule akainua mkono mapema, dawa inamwagikia ngozi, na dozi imekwenda.

Sindano ya mkono, iliyojazwa dawa tayari, haina ufundi huo wote: kidole gumba ndicho springi. Ikiuma unapunguza kasi, kisha unaendelea. Vipande ni vichache, kwa hiyo ni rahisi kuitengeneza. Ila ncha iko wazi machoni, na wapo watakaoikimbia (mimi mmojawapo).

Kuhusu frigo, kalamu na sindano ni sawa: nyuzi 2 hadi 8, nje, siku 30 tu, joto lisizidi 25. Umeme ukikatika, hakuna mshindi.

Mama ningempa kalamu. Kama binti yake ndiye anayemdunga, sindano ya mkono inatosha.