Kdenlive na Audacity kwenye laptopu ya RAM GB 8: uzoefu wangu

Kama laptopu yako ina RAM ya GB 8, programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve iache kwanza. Toleo lake la bure ni zuri mno, hasa kwenye rangi, lakini kwa Windows watengenezaji wenyewe wanataka GB 16, na 32 ukitumia Fusion, sehemu yake ya madoido. Mimi nimetulia na programu mbili: Kdenlive kwa kuhariri picha na Audacity kwa sauti. Zote ni za bure, na hazibandiki nembo yoyote juu ya kazi yako.

Kinachotesa wengi ni video za simu. Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu (picha moja moja) isiyo sawa kila sekunde: sekunde hii 30, inayofuata 27. Mwanzoni mdomo na sauti vinakwenda pamoja, ikifika dakika ya kumi vimeshaachana. Kdenlive huigundua klipu ya namna hiyo na kukuuliza kama iibadilishe iwe ya fremu zilizo sawa. Kubali, hata faili likiwa kubwa zaidi.

Washa proksi mapema kwenye mipangilio ya mradi. Unakatia nakala ndogo ya video, na hata 4K inacheza bila kukwamakwama. Ila unapotoa video ya mwisho, hakikisha kisanduku cha kutumia proksi hakina tiki, la sivyo utapata picha yenye ukungu na kuilaumu kamera bure.

Sauti naitoa Kdenlive ikiwa WAV ya Hz 48,000, naifungua Audacity. Chagua sekunde moja ya ukimya, pale inaposikika feni peke yake, chukua sampuli ya kelele, kisha chagua sauti yote na upunguze. Mimi naanza na dB 6 hadi 9, maana ukizidisha, msemaji anasikika kama yumo ndani ya mtungi. Halafu nasawazisha ukubwa wa sauti. Kiwango cha -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) unachokikuta ni cha utangazaji wa Ulaya. Kwa YouTube weka -14. Na ukiwa Audacity usikate hata pumzi moja: urefu ukibadilika, sauti ukiirudisha Kdenlive haikai tena juu ya picha.

Udhaifu wa Kdenlive ninaoutilia maanani ni huu: faili la mradi halibebi video, linakumbuka tu zilipo. Ukihamisha folda, klipu zinapotea. Kabla ya kupeleka kazi kwenye kompyuta nyingine, tumia amri ya kuhifadhi mradi mzima kwenye folda moja, kisha ufungue nakala hiyo uione inacheza.