Nilimpeleka shangazi kusoma kuta za Guggenheim

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja iliyopungua nitaieleza.

Maonyesho yaliitwa Light Line, ya Jenny Holzer, msanii wa Marekani anayefanyia kazi maneno, na yalikuwa kwenye jumba la sanaa la Guggenheim, New York, kuanzia Mei hadi mwisho wa Septemba 2024. Shangazi yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa na alishachoka kupelekwa madukani. Kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 30, wazee walipunguziwa. Nilipomwambia tunakwenda kuona sanaa ya maneno, akauliza kama kuna mashairi. Nikasema, aina fulani.

Jumba lenyewe, kwa asiyelijua: msanifu majengo Frank Lloyd Wright alilichora kama gamba la konokono, likafunguliwa 1959. Ndani uwazi umekwenda juu mpaka kwenye paa la kioo, na pembeni njia moja ya mteremko inajizungusha toka chini hadi kileleni. Holzer amebandika mkanda wa taa za LED kwenye ukingo wa njia hiyo, na maneno yanatembea humo, yakipanda mizunguko yote sita. Aliwahi kufanya hivyo hapo hapo mwaka 1989. Hii ni kazi ile ile imezaliwa upya.

Sasa, kusoma. Unaianza sentensi usoni mwako, inakwenda, inapinda, inaingia nyuma ya mgongo wako. Ukigeuka ushalikosa neno moja. Ukitulia unakuta nyingine imeshaanza juu yake, rangi nyingine. Nilisimama katikati ya ukumbi nimeinua kichwa kama mtu anayetafuta embe mtini, na shingo iliniuma hadi kesho yake. Lakini sikutaka kuondoka. Herufi kubwa tupu, hakuna picha, na bado macho hayabanduki.

Shangazi Kiingereza anakisoma, ila si kwa kasi ile, kwa hiyo nikawa mkalimani. Hapo ndipo niliposikia ladha. Kuna ule mstari maarufu wa Holzer wa miaka ya themanini, "Protect me from what I want". Nikamwambia: "Nilinde na nikitakacho."

Akanyamaza kidogo. "Hiyo kanga ipo?"

"Bado, Shangazi."

"Mimi ninayo ya kumjibu. Japo sipati, tamaa sikati."

Alicheka peke yake, watu wakageuka. Baadaye, tuko mzunguko wa tatu, akaniuliza swali ambalo sijalisoma kwa mhakiki yeyote: "Mwanangu, haya maneno yote anaambiwa nani?" Kwake jina la kanga lina mlengwa. Unainunua, unajifunga, unapita mbele ya mlango wa jirani, naye anajua. Nikamweleza kwamba Holzer alianza 1977 kwa kubandika karatasi usiku kwenye kuta za Manhattan, bila jina lake, kauli zinazopingana makusudi, ili mpita njia asijue nani anasema na nani anasemwa. Shangazi akaona huo ni woga. Mimi naona ndio utamu wake, ingawa nakiri kauli isiyo na mwenyewe ikishawekwa jumba kubwa na jina la msanii mlangoni, makali yake yanapungua.

Kilichomshika zaidi ni Cursed, ya 2022. Mabamba ya madini ya risasi na ya shaba, yameliwa na kutu za rangi ya kijani na kijivu, yamegongwa jumbe za Twitter za Donald Trump za urais wake wa kwanza. Mengine yametundikwa, mengine yamelala sakafuni kama mabati yaliyong'olewa na upepo. Warumi wa kale walikuwa wakichora laana zao kwenye bamba la risasi, hapo ndipo jina lilipotoka. Shangazi akainama, asiguse, akatazama kingo zilizokunjamana. "Hizi hirizi," akasema. "Ila hirizi haisomwi, ndiyo maana hushonewa ngozi."

Viti vya mawe vilivyochongwa maneno ni vizuri kuliko vinavyoonekana kwenye picha. Herufi hazikutiwa rangi. Unaona kivuli tu ndani ya mchoro, kwa hiyo lazima uinamie, na ukisogea kushoto neno linafifia. Ukuta wa makaratasi ya rangi nao unasisimua: kila karatasi ina insha ya maneno 100 katika mistari 20, yote ya hasira, na Lee Quiñones, yule mkongwe wa grafiti, amepaka rangi juu yake.

Nyota iliyoanguka ni ya nyaraka za serikali zilizokuwa za siri, zilizokuzwa na kufunikwa dhahabu. Zinang'aa mno. Unasimama mbele ya habari za mateso, na unachofikiri ni jinsi zitakavyopendeza sebuleni kwa tajiri.

Maonyesho yameshafungwa. Anayetaka kuionja kazi yake bila kiingilio, ashuke treni ya PATH, ile ya kwenda na kurudi New Jersey, kituo cha World Trade Center, atembee hadi jengo namba 7, asimame nje atazame ukutani nyuma ya mapokezi kupitia kioo. Maneno ya Holzer yanapita humo, mchana na usiku. Tulisimama hapo wakati wa kurudi Jersey City, shangazi akapiga video na kumtumia jirani yake wa Mombasa. Hakuandika chochote chini yake.