Żurek (supu chachu ya Poland) ya pakiti Nairobi: nimenunua, nimegawa, na kuna zenye sirudii

Mimi si Mpolandi, niseme mapema. Mimi ni mtu wa Kayole aliyeenda kusoma Łódź, mji wa Poland (soma Wuch, ukisema Lodzi utachekwa) nikakaa miaka 5, mwaka wa kwanza wote ukiwa wa lugha tu kwa ile shule ya wageni ambayo iko huko tangu 1952. Baridi ya Januari ikishika hata kope zinaganda, na pesa ya mwanafunzi unaijua, kwa hivyo nilikuwa nakula kwa zile kantini za bei ya chini wanaita bar mleczny, yaani baa ya maziwa, pombe hakuna hata tone. Huko ndio nilijua supu. Mpolandi wa kawaida mchana anaanza na supu ndio viazi na nyama vifuate, Jumapili ni rosół, supu ya kuku na tambi nyembamba, halafu ile imebaki Jumatatu inatiwa nyanya inageuka pomidorowa, hakuna kumwaga kitu, walai hapo nilijiona niko nyumbani kabisa.

Sasa nimerudi, mwaka wa tatu huu, na chenye nimemisi si theluji wala tramu, ni żurek. Kwa asiyejua: unachukua unga wa rai, ile nafaka ya mkate mweusi, unaloweka na maji na kitunguu saumu siku 4 au 5 mpaka ichachuke, hayo maji machachu wanaita zakwas, ndio yanapikiwa supu na soseji nyeupe, yai la kuchemsha na majani ya majeranek. Pasaka huko bila żurek ni kama hakuna Pasaka. Ya pakiti ni huo unga uliochachushwa ukakaushwa, unakoroga, unachemsha, umemaliza.

Kuipata hapa ndio kazi. Supamaketi kubwa zote nimezizunguka mpaka walinzi wakanijua, supu za pakiti ziko, za uyoga, za kuku, za nyanya, lakini za Poland hapana. Mwisho nikaelekezwa kwa kaduka fulani upande wa Hurlingham, jina naliacha kwa sababu ya yale nitasema. Wanauza vitu vya wageni wa Ulaya mashariki, makopo ya samaki, mtama wao ule mweusi, matango ya chupa, na kwa rafu ya chini kabisa, nyuma ya biskuti, pakiti za żurek. Bei ni 480. Huko Poland ni kama zloti 4, yaani mia na thelathini na kitu. Nilimeza mate nikalipa kwa M-Pesa bila kuuliza mara mbili.

Kufika nyumbani naona kuna kastika ka bei kamebandikwa mahali pa tarehe. Nikakabandua na ukucha polepole. Miezi 4 imepita. Kesho yake nikarudi na hiyo pakiti, na yule kijana wa kaunta, mpole sana, akaniangalia akasema, "Anti, hiyo tarehe ni ya kule, hapa bado haijafika." Nilicheka hadi hasira ikaisha, pesa lakini hakurudisha. Kwa wale mtanunua: lebo ikiandikwa "najlepiej spożyć przed" maana yake ni bora kuliwa kabla ya tarehe fulani, haigeuki sumu siku inayofuata, inapoteza tu harufu. Ikiandikwa "należy spożyć do" hiyo ndio usicheze nayo. Supu kavu karibu zote ni ya kwanza. Yangu niliipika na ilikuwa sawa, majeranek ndio ilikuwa imekufa kabisa, ilikuwa inanukia kama daftari.

Ni kwa rafu hiyo hiyo nilipata mtu. Pakiti zilikuwa zimebaki mbili, mimi nimenyoosha mkono na mama mmoja mzungu, mtu mzima, naye amenyoosha, nikamwambia bila kufikiria, "Proszę, niech pani weźmie," yaani chukua tu wewe. Manze yule mama alishika rafu. Akaniuliza mara tatu nimetoka wapi, nikamwambia Kayole, akasema hapana, kabla ya hapo. Tukagawana moja moja. Sai anaishi ng'ambo ya barabara na mimi, namuita Pani, yaani Madam, mpaka leo maana huko mtu mzima humuiti jina hivi hivi, na yeye hunitumia meseji kila akisikia kuna mtu anakuja na ndege.

Kwa sababu ukweli ni kwamba duka ni la dharura, mzigo wa maana unakuja na begi. Pakiti moja ni kama gramu 50, kwa hivyo 20 ni kilo moja tu, mtu mwenye ruhusa ya kilo 23 hawezi kukosa nafasi ya kilo moja labda awe hakupendi. Shida ni muonekano. Rafiki yangu mmoja alitoa pakiti zote kwa maboksi ili zikae vizuri, unga wa rangi ya krimu, mifuko 20 imefungwa na raba, hebu fikiria wewe ndio unapekua begi. Alifunguliwa moja, ikanuswa, afisa akapiga chafya, akauliza hii ni nini, jamaa akasema ni uji. Wakamwachilia. Acheni kutoa lebo jamani.

Sasa ladha. Żurek ya kampuni ya Winiary ndio nimeila sana na sina malalamiko, uchachu unaupata, moshi wa nyama unausikia kwa mbali, ila usiipike peke yake. Mimi nakoroga unga na maji BARIDI kwanza, ukiweka kwa maji moto inafanya madonge hata mwiko hautasaidia, halafu naongeza kitunguu saumu cha kuponda punje mbili, soseji za nguruwe za Farmer's Choice nimezikata na kuzipaka rangi kidogo kwa kikaango, yai nusu, na viazi. Smokie nimejaribu, hapana, inafunika kila kitu. Pakiti moja wanaandika ya watu wanne, hao watu wanne sijui ni wa wapi, hapa ni wawili na mmoja wao awe ameshiba.

Kuna supu ya shayiri inaitwa krupnik, ya pakiti pia, hiyo hapa inataka subira. Lebo inasema chemsha dakika 15 na mimi nilikuwa natafuna changarawe. Nairobi tuko juu karibu mita 1,800, maji yanachemka kwa kama nyuzi 94 badala ya 100, kwa hivyo vitu vigumu vinachelewa kuiva, yule aliyeandika lebo alikuwa amekaa chini huko kwa tambarare. Mpe nusu saa na ufunike sufuria. Hata hivyo kwa bei hiyo mimi nanunua shayiri na mifupa napika mwenyewe.

Ogórkowa, ya matango machachu, ya pakiti nimejaribu mara moja na sirudii, ni chumvi tupu. Na usidhani utaiokoa na matango ya chupa ya supamaketi, yale ni ya siki na sukari, ya Poland yanachachushwa na maji ya chumvi tu na majani ya dill na saumu, ni vitu viwili tofauti kabisa. Flaki za chupa msinunue, flaki ni matumbo. Ni matumbo jamani! Nenda City Market, ununue kilo, osha vizuri, weka tangawizi na pilipili manga na ile majeranek, umepata flaki nzuri kuliko ya kusafirishwa. Rosół ya kujaza kwa kikombe pia acha, kuku wa kienyeji yuko.

Halafu barszcz, supu nyekundu ya bitiruti. Nilikuwa naidharau kwa sababu bitiruti kwa mama mboga ni bei ya bure, kwa nini nilipe ya chupa? Pani akanialika kwake tarehe 24 Desemba, Wigilia, ndio siku yao kubwa kuliko hata Krismasi yenyewe. Meza haina nyama, vyakula ni 12, na sahani moja inawekwa bila mtu kwa ajili ya mgeni ambaye hakutarajiwa. Hawali mpaka nyota ya kwanza ionekane, huko inatoka saa kumi na kitu jioni, hapa tulikaa kwa balkoni tukingoja hadi saa moja na njaa inatumaliza, na mawingu. Mwisho Pani akasema taa ya ule mnara inatosha. Barszcz alikuwa ametoa kwa chupa ya Krakus, ameipasha tu bila kuichemsha maana ikichemka inageuka rangi ya kutu, ameongeza ndimu kidogo, na ndani kuna vimaandazi vya uyoga wanaviita uszka, vimasikio. Uyoga ulikuwa wa kukaushwa, alikuwa ameuficha tangu Machi kwa kopo la majani chai. Ule mweupe wa hapa kwa trei hauna hiyo harufu, alisema, na ni kweli, nilinusa lile kopo ikawa ni kama nimeingia msituni mvua imetoka kunyesha. Nilikunywa bakuli tatu. Basi hiyo ya chupa nunueni, bitiruti za kwetu ni tamu sana na hazina ule ukali.

Siku hiyo ndio aliniambia kuhusu Tengeru kule karibu na Arusha, venye wakati wa vita vya pili maelfu ya Wapolandi, wengi wanawake na watoto waliotoka Siberia kupitia Uajemi, waliletwa Afrika Mashariki kuanzia 1942 wakawekwa kambini. Mimi akili ilienda kwa chakula moja kwa moja, nikawaza hao akina mama walikuwa wanachachusha nini bila rai.

Jambo moja kabla sijasahau, kama unagawia majirani. Kwa ghorofa yetu kuna familia ya Waislamu na nilikuwa karibu kuwapelekea bakuli, nikasoma lebo kwanza. Pakiti nyingi za żurek zina nguruwe hata kama picha haionyeshi. Tafuta maneno wieprzowina, boczek, słonina, smalec, ukiona moja weka chini. Nao niliwapelekea barszcz, baada ya kusoma chupa mara mbili.

Ya mama ndio imenifanya niandike haya yote. Alikuja Jumapili, nikampikia żurek na kila kitu chake, nikaweka kwa bakuli nzuri, yai limekaa juu. Akanusa. Akaonja kijiko, akanyamaza, akaonja kingine. "Hii si ni uji wa kuchachusha umetia soseji?" Nikaanza kumueleza habari ya rai na zakwas na Pasaka, yeye ameshavuta kopo la sukari. Vijiko viwili, mama! Akakoroga, akala soseji kando na mkono, akamaliza mpaka chini, akauliza hiyo pakiti ni pesa ngapi. Nikamwambia 480. Akaweka bakuli chini polepole akasema nimeenda kusomea Ulaya ndio nirudi kununua uji.

Tukaenda jikoni pamoja. Unga wa rai hatuna, akasema weka wimbi na mahindi kidogo, maji ya uvuguvugu, mimi nikaponda saumu nikatia, akaniangalia vibaya lakini hakuitoa. Huko ilikuwa inachukua siku 5 karibu na jiko, hapa leo ni siku ya tatu na chupa inatoa mapovu mpaka kifuniko kinainuka. Nimempigia Pani aje kesho aonje, anakuja na zile soseji.